Kadi Nyekundu za Fundi

Kidole cha Mama Makochi kilisimama hewani, juu kidogo ya kioo cha simu, kikakaa hapo hapo.

Kitufe chenyewe kilikuwa cha buluu, kimeandikwa "Washa", na hakikuwa na ugumu wowote. Mtoto wa chekechea angekibonyeza na kuomba kingine. Lakini mama huyu, ambaye tangu asubuhi alikuwa akipasua vitambaa vya makochi kwa mkasi bila hata kupepesa jicho, sasa alikuwa amekikodolea macho na hasogei. Akatupa jicho kwenye pazia lililoning'inia nyuma ya karakana. Akalirudisha kwenye simu.

"Kwa hiyo nibonyeze tu?" aliuliza.

"Fanya vile ambavyo ungefanya kama mimi nisingekuwepo," mgeni wake alijibu.

Jibu hilo mgeni alikuwa amelitoa katika vyumba vingi, kwa watu wengi, hata likawa linatoka lenyewe. Alikuwa mtafiti. Ukiyaweka kando maneno mazito yaliyokuwa kwenye mkataba wake, kazi yake ilikuwa kukaa pembeni, kwenye kigoda cha watu, na kuwatazama wakitumia programu ya simu ya kugawana kazi, kisha kurudi ofisini kusema wanakwama wapi. Sheria ya kwanza ya kazi hiyo ilikuwa kufunga mdomo. Usimwonyeshe mtu njia. Usimmalizie sentensi. Akisita, mwache asite, uone mwenyewe anaangukia upande gani. Na kwa kunyamaza mtafiti hakuwa na mpinzani. Shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye, alidai kwamba kukaa naye ni sawa na kukaa na kabati, tofauti ni kwamba kabati ukilifungua hupiga kelele.

Basi akaandika neno moja, "Anasita", akasubiri.

Mama Makochi alishusha pumzi, akabonyeza.

"Haya, Mgeni. Tumewasha," alisema, akatabasamu tabasamu lile la kumwambia mtu aliyekuvunjia kikombe kwamba kikombe chenyewe kilikuwa kibovu.

Mtafiti aliliona tabasamu lile, akalipenda, wala hakuliuliza kitu. Aliaga, akasema atarudi baada ya juma moja kuona mambo yanavyokwenda.

Kwenye karakana ile hakufikishwa na bahati. Ilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa nyekundu. Katika programu yao kila kazi ilikuwa kadi ndogo yenye jina la mtu na siku ya kumalizika. Kazi ikiisha, mwenye jina anaigusa kadi, inageuka kijani. Siku ikipita haijaguswa, inageuka nyekundu. Bosi wake alikuwa na ubao mkubwa wa kioo ofisini ambao juu yake rangi za wateja wote zilipita kama samaki, na siku moja akaona kikundi kidogo cha watengeneza makochi, watu wanne tu, ambacho mmoja wao kadi zake zote zilikuwa nyekundu. Zote. Baadaye zinageuka kijani, moja moja, kwa kujivutavuta, na nyekundu nyingine zinakuja kukaa mahali pake. Jina lake kwenye kadi lilikuwa Fundi.

"Kuna mtu pale amelala fofofo na wenzake wanambeba," Bosi alisema, akijikuna kidevu. "Na hawamsemi! Hakuna hata malalamiko. Nenda ukaone watu wanavyoteseka kwa adabu."

Dawa alikuwa nayo tayari. Aliiita Mkono wa Rafiki. Kadi ikikaa nyekundu siku nzima, programu yenyewe inaitoa kwa aliyechelewa na kumkabidhi mwenzake mwenye nafasi. Hakuna kugombana, hakuna kununiana. Karakana na ofisi sita zilichaguliwa kuijaribu, na mtafiti ndiye aliyetumwa kuiwasha na kutazama.

Siku ile ya kwanza, basi, alikwenda akimtafuta mvivu. Hakumwona. Aliwaona watatu. Wa kwanza Mama Makochi mwenyewe, mwenye mkasi na chaki. Wa pili wifi yake, mwanamke mnene wa maneno makali, aliyekaa kwenye cherehani tangu kufunguliwa kwa mlango na aliyeitwa Wifi na kila mtu, hata na wateja ambao hakuwa na undugu nao wowote. Wa tatu fundi wa mbao, mwembamba wa kutisha, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika likabaki Msumari. Mtafiti aliuliza mara moja tu, "Na Fundi?" Akaambiwa, "Yuko ndani, amejinyoosha." Hakuuliza tena. Aliona kwamba swali la pili juu ya mtu asiyekuwepo ni umbea. Naye akaingizwa kwenye programu ili aone kadi zao, jina lake likaandikwa "Mgeni", akapewa kigoda na chai, akakaa.

Na palikuwa na raha ya kukaa. Dirisha lilikuwa moja, refu, limeelekea jua, na mwanga uliopita hapo ulijaa vumbi la pamba linaloelea polepole, likipanda na kushuka bila haraka ya kutua. Sponji zilipangwa hadi darini. Wifi akikanyaga cherehani, vumbi lile lilitetemeka kidogo, kisha likaendelea na safari zake. Mtafiti alikaa macho wazi, nusu akisikiliza, nusu hayupo. Hivyo ndivyo alivyokuwa kila anapokwenda. Vyumba vya watu vilimwingia, na usiku vilimfuata kitandani vikaungana kimoja na kingine, stoo ya hospitali ikafungukia kiwanda cha kuchapa, na yeye akapita katikati yake taratibu, hagusi kitu. Alizipenda ndoto hizo kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Juma lile aliota makochi. Yalikuwa yameelea mtoni, yamefuatana, hakuna aliyeyakalia, na kwa mbali kuna mtu anayaita lakini sauti haifiki.

Siku ya kurudi, Bosi alimpigia simu kabla hajafunga mlango wa nyumba.

"Nyekundu sifuri!" alipiga kelele. "Karakana yako ya makochi, sifuri! Nimefurahi kama naoza binti. Kesho naingia kwenye kikao, nikitoka hapo Mkono wa Rafiki unakwenda kwa wateja wote. Niletee maneno mazuri kutoka kwa yule mama, mawili matatu tu, ya kuweka kwenye ukuta."

Alifika karakana akiwa na matumaini ya maneno hayo. Aliyoyakuta ni salamu. Mama Makochi aliitikia shikamoo yake kwa upole ule ule, akamvutia kigoda kile kile, akaleta chai. Lakini macho yake yalikuwa yamevimba, na mkasi ulikuwa juu ya meza umefungwa. Wifi alishona bila kuinua kichwa, na cherehani ilikuwa inakimbia kwa hasira kana kwamba kitambaa kimemtukana. Msumari, ambaye siku ya kwanza hakukaa kitako bila kutania mtu, alikuwa anapiga randa ubao uliokwisha kunyooka. Katikati ya sakafu kulikuwa na kochi jipya la kijani, kubwa ajabu, lililoagizwa na mteja mmoja mrefu ambaye, kwa maneno ya Msumari, unahitaji ngazi kumsalimia. Lilikuwa limekwisha. Hakuna aliyelitazama.

Mtafiti akafanya alichofundishwa. Akanyamaza. Akawapa nafasi waseme wenyewe. Chai ikapoa. Vumbi la pamba likapanda, likashuka, na wao hawakusema.

Kuna kitu kilimpanda kifuani wakati huo ambacho hakukijua jina lake. Haikuwa hamu ya kujua. Hamu ya kujua aliizoea, ilikuwa mkate wake. Hii ilikuwa hofu, tena hofu ya mtu mwenye hatia asiyejua kosa lake. Akaweka kikombe chini.

"Mama," alisema, "kuna nini?"

"Hakuna neno, mwanangu. Kitu chako kinafanya kazi vizuri."

Cherehani ikanyamaza ghafla.

"Mwambie," alisema Wifi. "Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi unanijua, sina sukari mdomoni."

Mama Makochi alikaa kwenye ukingo wa meza. Alianza kwa kukunja kipande cha kitambaa, akakikunja tena na tena hadi kikakataa kukunjika.

Fundi alikuwa mume wake. Karakana hii aliianzisha yeye, makochi ya mtaa mzima yalipita mikononi mwake, na Msumari alifundishwa naye kushika nyundo. Mwaka uliopita alipigwa na kiharusi akiwa amepiga magoti anakaza mkanda wa kiti. Ulimi ukaenda. Mkono wa kulia ukaenda, na mguu. Kilichobaki kikimtii sawasawa ni mkono wa kushoto, na hasa kidole gumba. Kitanda chake kikawekwa nyuma ya pazia lile ili asikie kazi inavyokwenda.

"Tukawa hatujui tumfanye nini," alisema Mama Makochi. "Tukimhurumia anakasirika. Tukiendelea na kazi kama hayupo, anakasirika zaidi. Ndipo Wifi hapa akaleta hiyo programu yenu. Tukagawana kazi, na ya mwisho tukampa yeye. Kuangalia."

"Kuangalia?"

"Kochi likiisha tunalibeba mpaka pale kwenye pazia, tunamfungulia pazia. Tunamwonyesha mgongo wa kochi kwanza. Mzee daima huanzia mgongoni, alikuwa anasema mbele kila mtu anajua kupamba. Anatazama. Tunaligeuza, anatazama. Kuna siku anatazama mpaka analala, tunamwachia. Akiridhika, anagusa kadi. Asiporidhika haigusi."

"Na hasemi kosa liko wapi," alidakia Msumari, na kwa mara ya kwanza siku hiyo meno yake yakaonekana. "Hawezi. Unatafuta mwenyewe. Kuna kochi moja aliligomea, dada, nikaapa kwamba mzee sasa ananionea tu. Nililifumua lote kwa hasira. Nikakuta mkanda mmoja wa chini nimeupiga pini moja badala ya mbili. Aliuonaje kutoka kitandani, mimi mpaka leo sijui. Labda aliusikia."

"Kwa hiyo zile kadi kuwa nyekundu…" mtafiti alianza, akashindwa kumaliza.

"Nyekundu sisi haitusumbui," alisema Mama Makochi. "Nyekundu maana yake Mzee bado anaangalia."

Mtafiti alijikuta amelitazama lile pazia. Lilikuwa la kitambaa cha kochi, la maua makubwa ya kahawia, na lilikuwa limetulia tuli.

Siku ya pili baada ya kuwasha, mama aliendelea kusimulia, simu ya Fundi ililia. Alifurahi, maana alidhani ameletewa kazi. Mama Makochi ndiye aliyekuwa amemshika mkono wakati anaisoma. Palikuwa na picha ya mkono unaopunga, na chini yake maneno: "Usijali! Kazi hii amekabidhiwa Mama Makochi. Wewe pumzika." Jioni ikalia tena. Kesho yake ikalia tena, na tena, mpaka kadi zake zote zikaisha. Ya mwisho ilipokwenda, aliigeuza simu kifudifudi, akaugeukia ukuta.

"Tangu juzi kumnywesha maji ni vita," alisema Wifi. "Kaka yangu huyo. Kiharusi hakikumlaza hivi."

Mtafiti aliyajua maneno yale. Aliyajua mpaka alama ya mshangao. Bosi alikuwa amemwomba sentensi laini, isiyomwonea mtu, na yeye aliiandika jioni moja nyumbani akiwa amejinyoosha, akaisoma kwa sauti, na shangazi yake akasema ni nzuri. Masikio yakamwaka moto. Alitamani sakafu immeze, na sakafu ile ilikuwa ya saruji.

"Kwa nini hamkuizima?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Mama Makochi alimshangaa kwa dhati. "Si wewe uliyetuwashia? Ukasema utarudi. Tungezimaje kitu cha mgeni kabla hajarudi?" Kisha akaongeza, bila ukali wowote, na ndiyo maana ikauma: "Siku ile nilitaka kukwambia habari za Mzee. Nikasema nikisubiri kidogo utaniuliza. Ukawa unanitazama tu."

Mtafiti alitoka nje kwenye mwanga mkali akapiga simu. Bosi aliitikia huku anatafuna kitu.

"Maneno mazuri?" aliuliza.

"Naomba uniruhusu niwatoe hawa kwenye jaribio. Leo."

"Utoe sifuri yangu?"

Alimweleza. Alieleza vibaya, kwa kurukaruka, alianzia mkanda akarudi kwenye kiharusi, maana hakuzoea kueleza kitu kinachomhusu. Bosi hakuwa mtu mbaya. Aliacha kutafuna.

"Pole yao," alisema. "Kweli pole. Lakini kesho naingia na karakana na ofisi sita. Ukitoa moja nabaki na tano na maswali kumi. Subiri kikao kipite, kesho kutwa nitawazimia mwenyewe."

"Kesho kutwa mbali. Hanywi maji."

"Sasa wewe ni mtafiti au nesi?"

Barabarani alipita mtu anasukuma baiskeli iliyobeba magodoro, amezibwa mpaka haonekani, magodoro yakawa kama yanatembea yenyewe. Mtafiti aliyafuata kwa macho mpaka yakakata kona.

"Nawatoa," alisema.

"Basi sikiliza. Ukiwatoa, kesho kwenye kikao utasimama wewe, mbele ya wakubwa wote, ueleze kwa nini. Mimi sitafungua mdomo. Na unajijua."

Alijijua. Katika vikao vile alikuwa anakaa karibu na mlango, na mara moja mkubwa mmoja alimwomba amletee maji akidhani ni mtu wa jikoni, naye akaenda akaleta.

"Haya," alisema, akakata simu kabla roho haijamgeuka.

Kuzima kulikuwa kitufe kimoja, cha buluu, kidogo kuliko kile cha kuwashia. Kadi hazikurudi zenyewe. Ilibidi azishike moja moja na kuzirudisha chini ya jina la Fundi, nazo zikawa nyekundu moja baada ya nyingine. Kutoka nyuma ya pazia simu ililia kwa kila moja. Karakana nzima ilitega sikio. Hakuna kilichosogea.

"Ingia," alisema Mama Makochi, akalishika pazia. "Mwambie mwenyewe."

Kilikuwa chumba chembamba chenye kitanda, kiti na kidirisha. Ukutani kulikuwa na misumari mitupu mahali zilipokuwa zikitundikwa nyundo zake, na kila msumari ulikuwa umeacha chini yake umbo la nyundo kwenye rangi iliyofifia. Fundi alikuwa amelala ubavu, mgongo kwao, mgongo mpana wa mtu aliyenyanyua vitu vizito maisha yake yote. Simu ilikuwa kifudifudi juu ya blanketi. Mtafiti hakukaa kwenye kiti. Alikaa sakafuni.

"Shikamoo, Mzee," alisema.

Mgongo ulipumua, basi.

"Ile sentensi ya kukwambia upumzike niliiandika mimi. Sikujua kama upo. Yaani nilijua kuna jina. Nilikuja hapa siku nzima, nikanywa chai yenu, ukiwa hapa hapa, sikuuliza. Mimi huwa siulizi. Watu wananisifu kwa hilo. Mkeo alitaka kuniambia, na nilimwona kabisa anataka kuniambia, nikaandika kwamba anasita. Nisamehe. Kazi zako nimezirudisha. Kuna kochi la kijani hapo nje linakusubiri wewe tu, hakuna mtu mwingine anayeweza kulipitisha. Wamekaa kama kuku walionyeshewa."

Nje, Msumari alikohoa.

Fundi hakugeuka. Mtafiti alingoja, kisha akaona hata kungoja kwake ni tabia ile ile. Akaichukua simu, akaigeuza kioo juu, akaiweka karibu na mkono wa kushoto uliokuwa nyuma ya mgongo, kiganja wazi. Akatoka. Alijiona mjinga, mwenye macho mekundu, na hakujali nani anamtazama.

Walilibeba kochi. Lilikuwa zito hata Wifi ilibidi ashike kona moja, huku akimlaani mteja mrefu na ukoo wake wote. Wakaliweka mbele ya pazia, mgongo kwa ndani, Mama Makochi akalifungua pazia na kulifunga kwa kamba pembeni. Mshono wa mgongo ulishuka umenyooka kutoka juu mpaka chini. Fundi alikuwa bado ameutazama ukuta.

Wakarudi kila mtu kwenye kazi yake, wakafanya kazi ya kujifanya. Mchana ulinyooka. Mwanga wa dirisha refu uliacha meza ya chaki ukapanda kwenye sponji, na vumbi la pamba likahama nao. Mtafiti alikaa kwenye kigoda, na ile hali yake ya nusu kuwepo ikaanza kumchukua. Akaona karakana inajaa maji taratibu, ya uvuguvugu, yanayobeba kila kitu bila kukilowesha. Alijikaza akarudi. Siku hii hakutaka kuiota.

"Jamani," alisema Wifi. Sauti haikuwa yake. "Jamani, simu zenu."

Chini kabisa ya kioo, kwa herufi ndogo za kijivu, palikuwa pameandikwa: "Fundi anaandika…"

Hakuna aliyewahi kuyaona maneno hayo. Tangu augue alikuwa anagusa tu. Kuandika alikuwa hata hajajaribu. Mama Makochi aliweka mkono mdomoni. Akapiga hatua moja kuelekea chumbani, Wifi akamkamata gauni. "Mwache," alinong'ona. "Mwache amalize."

Herufi za kijivu zikapotea. Wote wanne waliacha kupumua. Zikarudi. "Fundi anaandika…" Zikapotea tena, zikarudi. Waliusikia, au walidhani wameusikia, mguso wa kidole gumba kwenye kioo, mmoja, kisha kimya kirefu, kisha mwingine. Kila mtu alikuwa ameishika simu yake kwa mikono miwili, kwa uangalifu, mfano wa kikombe kilichojaa mpaka juu.

"Huyu anaandika barua ya posa," alisema Msumari.

"Nyamaza wewe!" alisema Wifi, lakini machozi yalikuwa yanamteremka na alikuwa anacheka.

Mwanga ulikuwa umefika kwenye sponji za juu kabisa ilipotoka. Kadi mpya. Haikuwa na siku ya kumalizika. Hiyo aliiacha wazi. Haikuwa ya Msumari, wala ya Wifi, wala ya mkewe. Simu iliyotetemeka ilikuwa ya mtafiti, na juu ya kadi palikuwa na jina alilopewa pale.

"mgeni akalie kochi aseme"

Mama Makochi alisoma begani mwake, akasoma tena kwa sauti ili wote wasikie, na alipofika kwenye "aseme" sauti ikamkatika. "Zamani," alisema alipoipata tena, "kochi likiisha alikuwa anamchagua mtu wa kulikalia wa kwanza. Mimi aliwahi kunichagua mara moja tu, mzee huyu mbaguzi."

"Sasa unangoja nini?" Wifi alimwambia mtafiti. "Umeagizwa."

Mtafiti alivuka sakafu. Hakuthubutu kutazama ndani ya chumba, lakini kitanda kililia, kama kinavyolia kitanda mtu mzito anapojigeuza kwa shida, kidogo, apumzike, kidogo tena. Akazunguka mbele ya kochi, akaligeuzia mgongo, akakaa.

Lilikuwa limetengenezwa kwa mtu wa kimo kingine kabisa. Sponji ilimpokea, ikazama, ikasimama, na akajikuta anateleza nyuma na nyuma zaidi mpaka mgongo wake ukagusa mgongo wa kochi, na hapo nyayo zake zikaachana na sakafu. Zikabaki zinaning'inia. Alihisi chini yake mikanda imekazwa, mmoja mmoja, na upande wa kushoto alihisi kitu kingine kidogo, ambacho hakuwa na uhakika nacho bado. Alifumba macho akisikilizia. Alipoyafumbua, Mama Makochi, Wifi na Msumari walikuwa wamesimama mbele yake wamenyamaza, na nyuma yake, karibu sana, palikuwa na mtu anayepumua.

"Sijui nianzie wapi," alisema.

"Anzia popote," alisema Mama Makochi. "Hatuna haraka."

Akafungua mdomo. Kiatu kimoja kilimvuka mguuni, kikaanguka kwenye vumbi la pamba bila kutoa sauti, na hakuna aliyeinama kukiokota.